Chema Hakijiuzi Tena: Mhakiki Mwenye Sauti, kutoka Bungoma hadi Kitale

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imefundishwa shuleni kwa miaka na mikaka, na aghalabu hutajwa pale mtu anapotaka kuonyesha kwamba kazi bora haihitaji mpigadebe. Katika uwanja wa sanaa, hata hivyo, methali hii imezaa imani yenye madhara: kwamba wimbo mzuri utasikika wenyewe, kitabu kizuri kitasomwa chenyewe, na mhakiki ni mgeni anayefika baada ya karamu kwisha. Makala haya yanadai kinyume. Katika zama za redio na televisheni, kibaya kimepata pa kujitembeza usiku na mchana, ilhali chema kimeketi nyumbani kikimsubiri mnunuzi asiyekijua. Anayehitajika ni mhakiki mwenye sauti; yaani mtu aliyeisomea sanaa, anayejua kuipima, na aliye tayari kuizungumzia hadharani kwa lugha ambayo msikilizaji wa kawaida anaielewa.

Huko Ulaya, mtu wa aina hii ana cheo na jina. Mhakiki wa muziki wa okestra huandika gazetini asubuhi kuhusu onyesho la jana, kisha jioni huketi studioni kuwaeleza wasikilizaji jinsi utungo fulani ulivyojengwa kabla haujapigwa. Si mwanamuziki lazima, wala si mwalimu wa darasani. Ni mpatanishi baina ya fundi na hadhira. Nchini Kenya ofisi hiyo ni kama haipo. Lakini haikosi vielelezo, na la kuzingatiwa ni kwamba wawili kati ya walioikaribia zaidi walichipuka katika ardhi moja, ile inayoanzia Bungoma na kupanda hadi Kitale. Hao ni Chris Wanjala na Ken Walibora. Wote wawili walihakiki fasihi, si muziki. Hata hivyo, safari zao zinaonyesha kazi ya mhakiki mwenye sauti inavyoweza kufanywa, na pia pengo ambalo hata wao hawakuliziba.

Chris Wanjala alizaliwa Bungoma mwaka 1944, akafundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Egerton, na kufariki mwaka 2018. Aliingia katika uhakiki wakati ambapo mjadala mmoja ulikuwa umewachoma wasomi wengi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Taban lo Liyong alikuwa ameiita Afrika Mashariki jangwa la kifasihi. Wako waliokasirika, na wako waliocheka. Wanjala alijibu kwa vitendo. Mwaka 1973 alihariri *Standpoints on African Literature*, mwaka 1978 akatoa *The Season of Harvest*, na mwaka 1980 *For Home and Freedom*. Lakini hakuishia kwenye vitabu. Aliandika magazetini kwa miongo kadhaa, na katika miaka ya 1970 sauti yake ilisikika katika redio ya taifa, wakati huo ikiitwa Sauti ya Kenya, akijadili vitabu na waandishi. Kwa namna hiyo, mabishano ambayo kwa kawaida hufungiwa katika kumbi za semina yalitoka nje. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu aliweza kujua kwamba kuna jambo linaloitwa uhakiki, na kwamba watu wazima wanaweza kugombana kuhusu riwaya pasipo kurushiana viti.

Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na kukulia Cherang'ani, katika eneo la Trans Nzoia ambalo Kitale ndio mji wake mkuu. Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa *Siku Njema* ya mwaka 1996 ni kitabu gani, wala *Kidagaa Kimemwozea* ya mwaka 2012. Linalosahaulika mara kwa mara ni kwamba kabla ya Wakenya wengi kumjua kama profesa, walimjua kwa sauti. Alikuwa msomaji wa habari za Kiswahili, katika KBC na baadaye katika televisheni ya Nation. Familia nyingi zilizokuwa zikiketi kutazama taarifa ya habari zilijifunza Kiswahili sanifu kutoka kinywani mwake bila kujua kwamba zinajifunza. Baadaye alisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Ohio State, akafundisha Wisconsin nchini Marekani, kisha akarejea nyumbani na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Riara. Alifariki jijini Nairobi tarehe 10 Aprili 2020 baada ya kugongwa na gari, na akazikwa Trans Nzoia, wakati ambapo masharti ya korona yalikuwa yamewazuia wengi waliotaka kumsindikiza.

Tukiziweka safari hizi mbili sambamba, ufa unaonekana. Wanjala alikuwa na uhakiki na alikuwa na sauti, lakini vyote viwili vilikuwa kwa Kiingereza. Mkulima wa miwa wa Nzoia au mwanamke mwenye duka Kimilili hakuwa miongoni mwa waliolengwa. Walibora alikuwa na sauti kwa Kiswahili, na sauti hiyo ilifika hadi jikoni kwa watu, lakini kazi aliyopewa ilikuwa kusoma habari: nani amesema nini bungeni, barabara ipi imefungwa, timu gani imeshinda. Uhakiki wake wa kina ulikwenda kwingine. Kitabu chake kuhusu maandishi ya wafungwa wa kisiasa barani Afrika, *Narrating Prison Experience* cha mwaka 2014, kiliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wasomi. Makala zake katika *Taifa Leo* zilijaribu kuliziba pengo hilo, na zilisomwa kwa hamu. Lakini ukurasa wa gazeti si studio. Mtu mmoja alikuwa na sauti iliyopendwa na taifa na akili iliyofunzwa kupima sanaa, na bado vituo vilimjua zaidi kama msomaji wa habari kuliko mpima sanaa.

Hii si lawama kwa marehemu. Ni lawama kwa taasisi. Vyombo vya habari humwajiri mtaalamu wa lugha ili asome vizuri kile ambacho wengine wamekiandika. Vyuo vikuu, kwa upande wao, humpandisha cheo mhadhiri kwa idadi ya makala zilizochapishwa katika majarida yanayosomwa na watu wachache. Saa moja ya kuzungumzia diwani redioni, hata ikisikilizwa na umati, haina alama katika fomu ya kupandishwa cheo. Mhadhiri mwenye busara hufanya hesabu hiyo haraka na kuchagua jarida. Hivyo ndivyo uhakiki wa Kiswahili ulivyogeuka mazungumzo ya wahakiki na wahakiki wenzao.

Huenda wasomaji wakauliza muziki unaingiaje hapa. Unaingia kwa mlango wa mbele. *Siku Njema* yenyewe ni riwaya ambayo mama wa mhusika mkuu, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na safari ya mwanawe humfikisha hadi pande za Kitale akimtafuta babake. Mwandishi aliyekulia chini ya milima ya Cherang'ani alielewa kwamba mwimbaji wa pwani anaweza kuwa kiini cha riwaya ya Kiswahili. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: ni nani anayefanya kinyume cha safari hiyo? Nani anayeuchukua muziki wa Bungoma na Kitale na kumweleza msikilizaji wa Tanga, wa Mombasa, au hata wa Kitale mwenyewe ambaye si Mbukusu?

Chukua mfano wa litungu. Hii ni ala ya nyuzi ya Wabukusu, kwa kawaida nyuzi saba, yenye bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Zamani nyuzi zilitengenezwa kwa kano za wanyama; siku hizi nailoni hutumika sana. Vituo vya redio vya eneo hilo, kikiwemo West FM cha Bungoma, vimeupa muziki wa kienyeji nafasi ambayo redio ya taifa haikuweza kuutolea zamani, na kwa hilo vinastahili shukrani. Lakini namna wimbo unavyopigwa ni jambo jingine. Mtangazaji hutaja jina la mwimbaji, hutuma salamu, hucheka, huuachilia wimbo, kisha huukata kabla haujafika mwisho ili kupisha tangazo la mbolea. Msikilizaji ameburudika. Hakuna alichoelezwa.

Mhakiki angekuwa na mengi ya kusema, tena bila maneno ya kutisha. Angeanza kwa kumwomba msikilizaji azisikilize nyuzi peke yake kwa muda, atambue kwamba mpigaji amechagua kipande kifupi anachokirudia, na kwamba urudiaji huo ni takriri ile ile inayofundishwa katika ushairi. Angemwonyesha mahali sauti ya mwimbaji inapoingia, na jinsi isivyofuata nyuzi moja kwa moja bali inavyobishana nazo. Angemwambia asikilize pale mwimbaji anapoacha kuimba na kuanza kusema: kumwita mtu kwa jina, kumsifu kwa ukoo wake, kumkumbusha deni au aibu, kisha kurudi katika wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea. Halafu, na hili ndilo muhimu, angehukumu. Angesema wimbo huu umefaulu hapa na umelegea pale. Kwamba fundi huyu anaiga na yule anabuni. Kwamba kinanda cha umeme kilichoongezwa kimeuzika uzi mwembamba uliokuwa uhai wa wimbo. Bila hukumu hakuna uhakiki. Kuna matangazo tu.

Wapo watakaosema kwamba waamuzi wanayo kazi hiyo tayari katika Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake inarudi nyuma hadi mwaka 1927. Ni kweli kwamba maneno ya mwamuzi stadi baada ya shindano ni miongoni mwa uhakiki bora wa muziki unaosikika nchini. Hueleza kwa nini kwaya hii imepata alama nyingi na ile chache, na walimu huyanakili maneno hayo kwa pupa. Hata hivyo, maneno yale husikika ukumbini tu. Alama hubaki kwenye karatasi, kikombe hubaki kabatini kwa mwalimu mkuu, na uhakiki wenyewe hupotea hewani. Isitoshe, mwamuzi hupima mwanafunzi aliyefunzwa wimbo kwa ajili ya shindano. Fundi mwenyewe, mzee aliyeko kijijini aliyeutunga au kuurithi, hapimwi na mtu.

Haya yangekuwa masikitiko ya kawaida ya wapenda mila lau lisingekuwapo jambo la dharura. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Wabukusu upande wa Kakamega, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Sababu iliyotolewa inaeleweka: mafundi wamezeeka na vijana wanaorithi ni wachache. Vijana hawaachi sanaa kwa sababu ni mbaya. Wanaiacha kwa sababu hakuna aliyewaonyesha ugumu wake, na kitu ambacho ugumu wake haujulikani huonekana cha kishamba. Kijana anayejua kwa nini mpigaji fulani wa gitaa ni stadi, ilhali hajui kwa nini mpigaji fulani wa litungu ni stadi, atachagua gitaa. Hajaikana asili yake. Amechagua kitu ambacho kimeelezwa.

Tena sauti ya uhakiki si kitu kigeni katika ardhi hiyo. Wabukusu wana *khuswala kumuse*, hotuba kuu inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye heshima. Msemaji, *omuswali*, husimama mbele ya umati, akaisimulia historia ya jamii, akawasifu wanaostahili na kuwakemea wanaopotoka, na umati humsikiliza kwa nidhamu ambayo wanasiasa huitamani. Si kila mtu huruhusiwa kufanya kazi hiyo. Huhitaji ukoo unaotambuliwa, kumbukumbu na ufundi wa ulimi. Kwa maneno mengine, jamii iliyowazaa Wanjala na Walibora ilikuwa na cheo cha mtu anayepima maisha ya watu hadharani kwa sauti. Redio isingeanzisha desturi mpya kwa kumpa mhakiki kipaza sauti. Ingeendeleza iliyopo.

Swali la lugha haliwezi kuepukwa. Kuna hoja kwamba muziki wa Wabukusu uhakikiwe kwa Kibukusu, na wa Wasabaoti kwa Kisabaoti. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa hakuna anayejua uzito wa fumbo kuliko mwenye lugha. Lakini Kitale si kijiji cha kabila moja. Katika soko lake hukutana Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mnandi, Mturkana na Mkikuyu, na katika makumbusho yake, ambayo chanzo chake ni mkusanyo ulioanzishwa na Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926, vifaa vya jamii mbalimbali vimewekwa chini ya paa moja. Vitu vya majirani vimekaa pamoja. Masikio yao bado. Kila mmoja husikiliza kituo chake, na wimbo wa jirani humfikia kama kelele ya nyumba ya pili.

Gharama ya hali hiyo inajulikana. Kati ya mwaka 2006 na 2008 watu wa Mlima Elgon waliuana kwa sababu ya ardhi, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ulienea hadi Trans Nzoia na kwingineko. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake mwaka 2008, ilipokea malalamiko kwamba baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kienyeji vilichochea chuki. Hakuna anayedai kwamba kipindi cha uhakiki wa muziki kingezuia mapanga. Linalodaiwa hapa ni dogo kuliko hilo, ila si la kupuuzwa: mtu aliyezoeshwa kusikiliza ufundi wa jirani, kwa lugha ambayo wote wawili wanaimiliki, ana sababu moja zaidi ya kumwona jirani huyo kuwa mtu kamili. Katiba ya mwaka 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Hadhi hiyo itabaki wino mtupu ikiwa Kiswahili kitatumika kutoa amri na kusoma habari tu, huku kikinyimwa kazi ya kuwaeleza Wakenya uzuri walio nao.

Mfano wa nje unaweza kusaidia. Mwaka 1943 BBC ilianzisha, kwa juhudi za Una Marson, kipindi kilichoitwa *Caribbean Voices*, kilichodumu hadi mwaka 1958. Waandishi chipukizi wa visiwa vya Karibi walituma mashairi na hadithi London, zikasomwa hewani, na mhariri Henry Swanzy hakusita kusema ipi imefaulu na ipi haijafaulu. Derek Walcott, George Lamming, Sam Selvon na V. S. Naipaul walipitia hapo. Wawili kati yao walikuja kupata Tuzo ya Nobel. Kipindi hakikuwapa vipaji. Vipaji walikuwa navyo. Kiliwapa sikio lenye kipimo. Karibu na nyumbani, Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa washairi kipindi cha *Malenga Wetu*, na wapo wapenzi wa ushairi waliokulia humo. Kwa hiyo, dai kwamba redio ni chombo chepesi kisichobeba uhakiki mzito halina msingi. Wepesi ni wa wanaokitumia.

Kenya, kwa haki, haijakosa vipindi vya Kiswahili. Vipo vipindi vya lugha ambamo wasikilizaji hupiga simu kuuliza wingi wa nomino fulani, maana ya methali, au kama neno fulani ni sanifu. Vipindi hivi vina manufaa, lakini humfanya msikilizaji aamini kwamba Kiswahili ni uwanja wa makosa na masahihisho. Mtaalamu huwa askari wa trafiki wa sarufi. Ni nadra kusikia mtaalamu yule yule akiambiwa: huu hapa wimbo, huu hapa utenzi, tueleze una nini. Walibora angeliweza kufanya hivyo. Wanjala alifanya kwa lugha nyingine. Kizazi kinachofuata hakina udhuru.

Yanayopasa kufanywa hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, idara za Kiswahili zianze kufundisha uhakiki wa kusemwa, si wa kuandikwa tu. Mwanafunzi wa uzamili awe na uwezo wa kuuchambua wimbo kwa dakika kumi mbele ya watu wasio na shahada, bila kujificha nyuma ya majina ya nadharia. Pili, vyuo vikuu vikubali kipindi cha redio kilichoandaliwa kwa utafiti kuwa sehemu ya kazi ya kitaaluma. Tatu, Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015 na kilichopo Bungoma kwenyewe, kina nafasi ambayo vyuo vya Nairobi havina: mafundi wa litungu ni majirani zake, na studio za redio hazipo mbali. Nne, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viache kungoja. Makongamano yao hujaa mada kuhusu uhakiki wa vitabu vilivyohakikiwa mara mia. Kurekodi wimbo mmoja mzima, kumhoji fundi wake, na kuomba nusu saa katika kituo cha eneo ni kazi ambayo kikundi cha wanafunzi watano kinaweza kuifanya katika likizo moja.

Wahenga hawakukosea. Waliishi katika soko ambalo mnunuzi alikishika kitu kwa mkono wake, akakigeuza, akakinusa, akajua kama ni chema. Soko la leo huuza kwa masikio, na anayepiga kelele zaidi ndiye anayesikika. Wanjala na Walibora wamekwenda, kila mmoja akiwa ameacha nusu ya kazi: mmoja uhakiki wenye sauti katika lugha ya wachache, mwingine sauti ya wengi isiyopewa nafasi ya kutosha ya kuhakiki. Kuziunganisha nusu hizo mbili ni deni la wanafunzi wa Kiswahili. Na mafundi wa kuhakikiwa bado wapo Bungoma na Trans Nzoia, ingawa hawatakuwapo milele.